Sera ya Afya ya Akili Ifike Masinga

Msikilizaji, kwa upande wa karatasi, Kenya imejitahidi sana kuhusu afya ya akili. Tuna Sera ya Afya ya Akili ya mwaka 2015 hadi 2030. Tuna ripoti ya jopokazi lililoongozwa na Daktari Frank Njenga, ambalo mwaka 2020 lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Juni 2022 ilitiwa saini sheria iliyorekebisha ile ya zamani ya 1989, na Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Hayo yote ni mema, na walioyapigania wanastahili shukrani. Lakini mgonjwa wa Masinga au Yatta anayehitaji sindano kila mwezi ataijua sera kwa nauli anayotoa na siku ya kibarua anayopoteza yule anayemsindikiza. Ndiyo maana nasema kazi iliyobaki si ya Nairobi tena. Ni ya Kaunti ya Machakos, na inaanzia kwenye zahanati.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiachia serikali ya kitaifa sera na hospitali kuu za rufaa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali zilizo chini ya hizo zikawa mzigo wa kaunti. Sheria ya 2022 ikakaza fundo hilo: kaunti itoe matibabu ya akili katika vituo vyake, na iwe na baraza lake la afya ya akili. Basi zahanati yoyote ya kaunti hii ikikosa dawa za skizofrenia au za kifafa, tusipoteze muda kumlaumu waziri. Mwenye dhamana ni jirani yetu.

Kinachotuchelewesha, kwa maoni yangu, ni fikra ya zamani. Tangu hospitali ya Mathari ilipoanzishwa Nairobi mwaka 1910, mgonjwa wa akili amefikiriwa kuwa mtu wa kupelekwa mbali na kufungiwa geti. Baadaye hospitali za mikoa zikapewa wodi zake, na Hospitali ya Machakos Level 5 ina kitengo chake cha akili. Hiyo ilikuwa hatua. Hata hivyo wodi inamfaa mgonjwa kwa majuma machache tu, wakati ugonjwa umemzidi. Miaka mingine yote anaishi nyumbani, na huko ndiko matibabu hukatika. Anaruhusiwa akiwa ametulia, dawa zinaisha, nauli ya kurudi mjini haipatikani, na baada ya miezi michache analetwa tena akiwa amefungwa kamba. Watu husema dawa imemshinda. Ukweli ni kwamba dawa haikumfikia. Wala hizi dawa si za ajabu: nyingi ni za miaka mingi, zimo katika orodha ya dawa muhimu, na muuguzi wa kawaida anaweza kuidunga ile sindano ya mwezi.

Wapo watakaoniambia kwamba wauguzi wa zahanati tayari wameelemewa na chanjo, kliniki za wajawazito, malaria na kisukari, kwa hiyo tusiwaongezee. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linasahau kwamba wagonjwa hawa wamo katika foleni hivi sasa. Utafiti wa Profesa David Ndetei na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, uliwachunguza wagonjwa wa kawaida katika vituo vya afya vya ngazi mbalimbali nchini. Asilimia 42 walikuwa na dalili za sonona, kali au hafifu, ilhali ni kama asilimia 4 tu ambao faili zao zilitaja ugonjwa wowote wa akili. Mwenye sonona isiyotambuliwa mara nyingi huja akilalamikia kichwa, kifua kubana, tumbo, kukosa usingizi. Mtu wa namna hiyo hupewa dawa ya maumivu, hupimwa malaria, na mwezi ujao anarudi na lalamiko lile lile. Muuguzi anamhudumia mara tano bila kumtibu hata mara moja. Kumfundisha muuguzi huyo kuutambua ugonjwa kutampunguzia kazi.

Pingamizi la pili hutoka kwa wataalamu wenyewe: magonjwa ya akili ni mazito, yaachiwe madaktari bingwa. Madaktari gani? Ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa mwaka 2017 ulihesabu mabingwa 92 nchi nzima. Machakos peke yake, kwa sensa ya 2019, ina watu zaidi ya milioni 1.4. Tukiwasubiri mabingwa watutoshe, wajukuu zetu watakuwa bado kwenye foleni. Na hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta njia nyingine, maana Makueni, ambayo hadi 1992 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, imekwisha kuijaribu. Huko taasisi ya Profesa Ndetei, ikishirikiana na kaunti, iliwafundisha wauguzi na maafisa wa kliniki kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioandikwa kwa ajili ya wasio mabingwa. Wahudumu wa afya ya jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini nao walifundishwa kumtambua mgonjwa na kumpeleka kituoni. Waliotibiwa walipata nafuu, na hata kubaguliwa kukapungua. Kwa hiyo anayesema familia nyingi zitaanza kwa mundu mue, yaani mganga wa kienyeji, au kwa mchungaji anasema kweli, na Makueni ililijibu hilo kwa kumfanya mundu mue mwenyewe awe njia ya kufika zahanati. Asichoruhusiwa mtu yeyote, mwenye tunguri au mwenye Biblia, ni kumfunga binadamu mnyororo.

Nikiri kuwa mafunzo peke yake huyeyuka. Muuguzi aliyefundishwa huhamishwa, na ujuzi ukaondoka naye. Au anabaki, lakini kabati halina dawa. Ndiyo sababu kitengo cha Level 5 kinapaswa kuwa na gari na ratiba ya kuzunguka Mwala, Kathiani, Kangundo na kwingineko kuwasimamia hao wa zahanati, na dawa ziagizwe KEMSA, mamlaka ya taifa ya ugavi wa dawa, pamoja na zile za shinikizo la damu. Shida ni kwamba viongozi wetu hupenda majengo. Jengo hukatwa utepe na kupigwa picha. Kopo la vidonge halina sherehe.

Tukija kwenye pesa, hesabu ya serikali na washirika wake ilionyesha kuwa mwaka 2020 maradhi ya akili yaliigharimu Kenya shilingi bilioni 62.2, kwa matibabu na kwa kazi iliyopotea. Gharama tayari tunailipa. Isitoshe, chini ya mfumo wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ulioanza Oktoba 2024, huduma za zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina ya afya ya msingi, hata kwa asiyemudu mchango. Maana yake, mgonjwa maskini akitibiwa zahanati analindwa zaidi kuliko akitibiwa hospitali kubwa. Lakini Machakos inajua ahadi za afya zinavyokwenda. Desemba 2018 ilikuwa miongoni mwa kaunti 4 za majaribio ya afya kwa wote, ikichaguliwa kwa sababu ya wingi wa majeruhi wa ajali za barabarani. Majaribio yakapita. Mradi usio na fungu lake katika bajeti huondoka na aliyeuleta, na afya ya akili, ikifichwa ndani ya fungu la magonjwa mengineyo, itakuwa ya kwanza kukatwa.

Kwa mujibu wa sheria, taarifa ya mikakati ya fedha ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni, na mara nyingi tunazungumzia barabara na visima tu. Safari hii, msikilizaji, nenda kwenye kikao cha wadi yako umuulize mwakilishi wako, mbele ya watu: afya ya akili iko ukurasa gani, ina shilingi ngapi, na ni zahanati ipi ya wadi hii itakayokuwa na dawa mwezi Julai? Usiondoke kabla hajajibu.