UPEPO WA MATAIRI YA PIKAPU YETU INAPOKUWA TUPU

(Mazungumzo ya dereva wa chama kwenye mkutano wa wanachama. Yamenakiliwa na Katibu kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Nimeomba nafasi hii kwa sababu ya maneno yanayozunguka kijijini juu ya matairi mawili ya nyuma. Wako wanaosema eti kamati ilinunua matairi mabovu ikala chenji. Wako wanaosema mimi naendesha kama mtu anayefukuzwa. Na tangu siku ile tulipotoka Kariakoo na gari tupu, mvua inanyesha, tukapita Kisarawe mjini, gari likazungusha mkia kwenye mteremko na mtunza stoo wetu akavunjika mfupa wa bega, maneno yamezidi. Mwendo ulikuwa mdogo, yeye mwenyewe ni shahidi. Lakini kosa lilikuwa langu hata hivyo, na kamati haihusiki.

Tairi lenyewe nimekuja nalo, hili hapa. Njooni mlishike. Katikati limekuwa kipara kabisa, lakini hapa mabegani kashata bado zipo, kidole kinazama. Tairi lenye upepo mdogo huisha mabegani. Lenye upepo uliozidi huvimba tumbo, likakanyaga kwa katikati tu, likaisha katikati. Hili liliisha kwa upepo mwingi, na upepo niliutia mimi.

Ilikuwaje? Msimu wa korosho tunapakia gunia kumi za kilo mia mia, yaani tani nzima, na karibu mzigo wote unakaa juu ya ekseli ya nyuma. Kwa mzigo huo kibandiko cha gari letu kinataka nyuma pauni 60. Nilijaza 60, na nilifanya sawa. Msimu ukaisha, gari likawa linatembea tupu: barua za chama, mbegu, mgonjwa wa kupeleka Tumbi. Mimi sikugusa upepo. Kibandiko hicho hicho kinasema gari likiwa tupu nyuma iwe 40, na mbele 35 siku zote. Kwa miezi nilikuwa nimezidisha pauni 20.

Sasa sikilizeni kwa nini ni hatari. Pikapu likiwa tupu, uzito mkubwa uko mbele kwenye injini. Nyuma ni bodi tu na springi ngumu zilizotengenezwa kwa ajili ya tani. Ukiongeza na tairi gumu kama jiwe, gari linarukaruka kwenye barabara yenye mikunjo kama bati, na kila linaporuka tairi haliko chini. Tairi lisilokuwa chini halishiki breki. Na hata likiwa chini linagusa kwa kipande chembamba. Weka maji hapo, au tope la mfinyanzi, mkia lazima uzunguke. Mama zetu wanaopanda nyuma wakitoka shamba waliniambia mara nyingi gari linawapiga mgongo, nikacheka nikasema pikapu si kitanda. Walikuwa wananiambia ukweli.

Mtauliza namba hizi nazipata wapi. Kibandiko kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Wengi, na mafundi wengine wa pancha pia, husoma namba iliyo ubavuni mwa tairi. Ile ni mwisho wa upepo ambao tairi linaruhusiwa kubeba, si kiasi unachotakiwa kutia. Na msinakili namba za gari letu mkazitia kwenye gari la shemeji yenu, kila gari lina kibandiko chake. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na matairi tunayoyakuta madukani yanatoka nje na vipimo vyao mbalimbali. Ukiona imeandikwa bar, hesabu bar moja ni pauni 14 na nusu.

Upepo unapimwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Ukitembea kutoka hapa mpaka Mlandizi tairi linapata moto na geji itapanda pauni nne au zaidi. Usiupunguze huo, kesho asubuhi utakuta umepungukiwa.

Najua swali la mzee aliyenyoosha mkono: upepo ukitolewa bure, kuurudisha si tunalipia? Kweli, baba. Ndiyo sababu mimi mwenyewe nilikuwa mvivu, maana kwa pampu ya mguu kutoka 40 hadi 60 kwenye tairi kubwa unalowa jasho. Lakini fedha ya kujaza matairi mawili ni ndogo mno mbele ya bei ya tairi moja, achilia mbali bega la mtu. Kama gari linarudi tupu jioni na kupakia tena alfajiri, mimi naona tuuache upepo na dereva apunguze mwendo. Likikaa tupu siku nyingi, tuupunguze. Kosa la kinyume chake ni baya zaidi: kupakia tani juu ya pauni 40. Tairi hujikunja, likachemka, likapasuka njiani. Kwa hiyo gunia lisipande kabla ya geji kusoma 60.

Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika kwetu Machi 2019, inahusu magari ya tani tatu na nusu kwenda juu. Pikapu yetu haifiki hapo, haiitwi mzani wa Vigwaza. Hakuna mzani wa kutukumbusha mambo ya mzigo.

Mwenye mashaka nitamwonyesha kwa chaki. Unachora mstari kukata upana wa tairi, unaendesha hatua chache kwenye ardhi tambarare, ngumu. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, umepungua. Ikifutika sawasawa, ndiyo yenyewe.

Nitafanya hivyo Jumamosi saa moja asubuhi mbele ya ghala, gari likiwa tupu. Geji ya chama iko kwa mtunza stoo. Kwa kuwa mkono wake haujapona, atakayeiazima aifuate nyumbani kwake na aandike jina daftarini.