Mlango wa Nyuma wa Msikiti



Habari ya Sala ya Ijumaa iliyosaliwa mjini New York tarehe 18 Machi 2005, ambayo khatibu wake na imamu wake alikuwa ni mwanamke, Dokta Amina Wadud, na nyuma yake wakapanga safu wanaume na wanawake waliozidi mia, mmekwisha kuisikia, na wengi wenu mmekwisha kuitolea hukumu. Kwa hiyo hatutaisimulia tena. Fatwa nazo si kazi ya idhaa hii. Sheikh Yusuf al-Qaradawi alisema kutoka Qatar, na aliyekuwa Sheikh wa Azhar wakati huo, Muhammad Sayyid Tantawi, alisema kutoka Misri, na wote wawili walilikataa jambo hilo. Nasi twajua, kama ajuavyo kila mtoto wa chuoni, kwamba madhehebu yote manne hayamruhusu mwanamke kuwasalisha wanaume sala za faradhi.

Linalotutia hofu ni jingine. Baada ya Ijumaa ile watu wote walizungumza juu ya mihirabu, na hatukumsikia hata mmoja akizungumza juu ya mlango. Ilhali sala ile, kwa rai yetu, ilizaliwa mlangoni, katika ule mlango wa nyuma ambao Waislamu wengi wa Marekani wamewaonyesha mama zao na dada zao kwa miaka mingi, wakadhani kwamba hapana atakayeuliza.

Mwaka 2000 mwanachuoni Ihsan Bagby na wenzake waliichunguza misikiti ya nchi ile, wakakuta kwamba katika kila misikiti 100, misikiti 66 huwasalisha wanawake nyuma ya pazia au kiambaza, au katika chumba kingine kabisa. Na mwaka 1994 hesabu hiyo ilikuwa 52. Haikupungua, wasikilizaji, ilizidi! Katika nchi ambayo mabinti wa Kiislamu wamekuwa matabibu na mawakili na walimu wa vyuo vikuu, tabibu aliyeshinda asubuhi akiokoa roho za watu, akifika msikitini adhuhuri huelekezwa ngazi za nyuma, akashuka chumba cha chini, na hotuba ya Ijumaa akaisikia kwa spika, asimwone anayehutubu wala asiweze kumuuliza. Huko Morgantown, katika jimbo la West Virginia, mwandishi Asra Nomani, ambaye ni miongoni mwa walioiandaa sala ile ya New York, mwaka 2003 aliingia msikiti wa mji wake kwa mlango wa mbele, akaketi katika ukumbi mkuu nyuma ya wanaume, na kwa kosa hilo, yaani kosa la mlango, wakatokea watu wa kutaka afukuzwe katika jamaa ya msikiti.

Na Dokta Amina Wadud mwenyewe, ambaye jina lake lililaaniwa baada ya sala ile, ni nani? Amezaliwa Bethesda, Maryland, mwaka 1952, binti wa kasisi wa Kimethodisti, naye ni katika kizazi cha Waafrika waliopelekwa bara lile katika minyororo. Alisilimu mwaka 1972 alipokuwa mwanafunzi. Akasoma Kiarabu Misri, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa huko Malaysia, na huko huko Malaysia ndiko kilikochapishwa, mwaka 1992, kitabu chake juu ya mwanamke katika Qur'ani. Sala ile iliposaliwa, kitabu kilikuwa na umri wa miaka 13. Katika hao waliomlaani, ni wangapi waliokifungua?

Na lizingatieni hili, maana kwetu ndilo zito. Alizaliwa katika zama ambazo sheria na ada za majimbo ya kusini zilimtaka mtu mweusi aingie kwa mlango wa nyuma, aketi nyuma ya gari, anywe maji kwa bomba lake la peke yake, na sheria kuu iliyoyavunja mambo hayo ilitoka mwaka 1964, yeye akiwa mtoto wa miaka 11. Wengi wa watu wa kabila lake waliposilimu waliambiwa, na waliambiwa kweli, kwamba katika dini hii aliyechaguliwa kuadhini ni Bilali Mhabeshi, na kwamba mweusi na mweupe husimama safu moja. Kisha wake zao na binti zao wakafika katika misikiti, na wakaonyeshwa mlango wa nyuma.

Tunawasikia wanaosema kwamba haya ni hila ya Wamarekani kuibomoa dini, na kwamba aliyeshiriki ametoka katika Uislamu. Neno la kumtoa Mwislamu katika dini yake ni neno la khatari, na halitamkwi kwa hasira. Al-Muzani na Abu Thawr, wote wawili wanafunzi wa Imamu Shafii mwenyewe, na Tabari, yule mfasiri mkuu, wamenukuliwa kwa rai ya kuuruhusu uimamu wa mwanamke, na wenye rai hiyo hutegemea hadithi ya Ummu Waraqa iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud. Jamhuri ya maulamaa hawakuifuata, nasi hatumwambii mtu aifuate. Lakini rai iliyonukuliwa kwa wanafunzi wa Shafii haiwezi kuitwa uzushi wa New York.

Waliotaka kusali sala ile hawakupata msikiti wa kuwapokea. Jumba la sanaa lililokubali liliogopa vitisho, likajitoa. Mwishowe wakapata ukumbi wa kanisa kuu la Saint John the Divine, na humo Waislamu wakasali Ijumaa yao. Mwenye kuona haya na aone haya kwa hilo kwanza.

Wala mlango wa mbele si jambo lisilowezekana. Katika misikiti mingi ya Waislamu weusi waliomfuata Imamu Warith Deen Mohammed tangu mwaka 1975, wanawake husali katika ukumbi ule ule, safu zao nyuma ya safu za wanaume, pasipo kiambaza, kama walivyosali Madina zama za Mtume, ambaye alikataza wanawake wazuiwe na misikiti. Jumuiya ya Kiislamu ya Amerika Kaskazini, ISNA, ilimchagua mwanamke, Ingrid Mattson, kuwa makamu wa rais mwaka 2001. Na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tusijione bora, kwani katika misikiti yetu mingi ya kale mwanamke hana hata huo mlango wa nyuma.

Enyi makhatibu, ikifika Ijumaa, huenda wengine wenu mtahutubu juu ya mwanamke wa New York. Kemeeni mnaloliona ni kosa, hiyo ni haki yenu. Lakini msishuke mimbarini kabla hamjawaambia maamuma wenu ni wapi watasali mama zao! Nanyi wasikilizaji mlio na watoto na ndugu Marekani, wapigieni simu usiku wa leo, msiwaulize habari za Amina Wadud, waulizeni msikiti wao una milango mingapi na nani hupita wapi. Misikiti mingi ya huko ina kamati, na baadhi ya kamati hizo huchaguliwa. Basi binti yenu asingoje kuitwa: na aandikishe jina lake, agombee kiti, ahudhurie kikao, na akinyimwa, na adai dalili ya Kitabu na Sunna, kwa maandishi, na saini ya aliyeitoa.