Tusifunge Maisha Ndani ya Sanduku

[Muziki wa kufungua, sekunde kumi. Unashuka taratibu.]

Huenda unanisikiliza ukiwa kwenye foleni ya maji na bidoni yako. Huenda unachagua maharage. Huenda umelala tu chini ya shitingi na mwili hautaki kuamka. Popote ulipo, karibu.

Leo hatuna mgeni studio. Nitazungumza nawe mwenyewe, juu ya swali ambalo mnaniuliza kila mara tukikutana njiani: mtu ataishije vizuri siku ya leo, wakati maisha yake yote yanasubiri jibu kutoka mahali pengine?

Naomba kwanza nikupeleke Bujumbura, mtaa wa Bwiza.

Kama umepita Bwiza, unaifahamu. Jioni moshi wa mishikaki unapanda, muziki wa Kikongo unatoka kila upande, na Kiswahili unakisikia kila kona. Ukienda sokoni na faranga chache, hurudi mikono mitupu, utapata hata fungu dogo la ndagala. Wazee wengine bado wanaiita Belge, jina la zamani. Mtaa huo ulianza wakati wa Wabelgiji, ambapo Waafrika waliokuja kufanya kazi mjini hawakuruhusiwa kukaa kwenye mitaa ya Wazungu. Walitoka mikoa ya ndani ya Burundi, walitoka Kongo ng'ambo ya Rusizi, walitoka Rwanda na Tanganyika. Wengi walifikiri wanapita tu: nifanye kazi, nipate pesa, nirudi kwetu. Lakini walipanda miembe, wakajenga makanisa na misikiti, wakaoana, wakazikana. Bwiza unayoiona leo ilijengwa na watu waliodhani wanapita.

Mimi sikulijua hilo nilipofika. Tulifika mimi, mama na wadogo zangu wawili, tukitoka upande wa Uvira. Tulipanga chumba kimoja katika parseli yenye familia sita, bomba moja na choo kimoja. Mjini hakuna mgao kama wa kambini. Mama aliuza mboga na mandazi, akalipa kodi, tukaendelea.

Katika mizigo michache tuliyovuka nayo, mama alibeba vikombe sita vya kauri, vyenye maua mekundu. Bibi yangu alimpa siku ya harusi yake. Watu walimcheka njiani: vita inakufukuza, na wewe umebeba vikombe! Lakini alivifunga kimoja kimoja ndani ya vitambaa, na hakuna hata kimoja kilichovunjika.

Tulipopata chumba pale Bwiza, hakuvitoa. Tulimwuliza, akasema: "Vitatoka tukifika." Mwanzoni "tukifika" ilikuwa na maana ya kurudi Uvira. Baadaye, kesi yetu ya kupelekwa nchi ya tatu ilipoanza, "tukifika" ikawa Marekani. Sanduku likakaa chini ya kitanda, sisi tukanywa uji kwenye vikombe vya plastiki. Miaka minane.

Na si vikombe tu, msikilizaji. Akina mama wa parseli walikuwa na kirimba chao, kila wiki kila mmoja anatoa kidogo, na mmoja anachukua zote kwa zamu. Walimwita mama. Akakataa: "Nitaondoka kabla ya zamu yangu." Mimi nikafuata njia hiyo hiyo. Pale Jabe kulikuwa na fundi wa redio, mzee mmoja mpole sana. Aliniona nasimama kila siku kuangalia anavyochomelea nyaya, akaniambia, "Kaa hapa nikufundishe, silipishi." Nikamjibu, "Asante mzee, lakini sisi tunaondoka." Nilikataa hata kujifunza Kirundi vizuri. Kirundi cha nini, na mimi ninakwenda Marekani? Miaka mitatu baadaye nilipita pale nikiwa bado niko Bwiza. Kijana wa umri wangu alikuwa ameketi kwenye meza ya fundi, anapokea wateja.

Siku ile niliumia, lakini sikuelewa kwa nini.

[Muziki mfupi.]

Kisha nikaja kambini kwa ajili ya sekondari, mama akabaki mjini na wadogo zangu. Kesi ikatembea: mahojiano, halafu mahojiano mengine, vipimo vya hospitali, mafunzo ya kuondoka. Mwisho tukaambiwa tujiandae. Nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, nikaenda Bwiza tuwe pamoja. Tuligawa sufuria. Godoro tuliliuza.

Unajua kilichotokea, maana huenda kilikupata na wewe. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Safari zikafutwa. Kuna waliokuwa wamemaliza hatua zote. Kuna waliokuwa wamekwisha kuuza kila kitu, kama sisi.

Mama alikaa siku nne bila kusema neno. Alilala kwenye mkeka pale godoro lilipokuwa. Nilimwogopa.

Siku ya tano aliamka kabla ya jua. Nilisikia anavuta sanduku. Akafungua vitambaa kimoja kimoja, akaosha vikombe vyote sita, akachemsha chai ya tangawizi. Halafu akatutuma tuite majirani wote wa parseli. Vikombe sita havikutosha, watu wakanywa kwa zamu. Mzee mmoja tuliyeishi naye ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo alikigeuza kikombe mkononi, akasema, "Mama, kumbe ulikuwa na vikombe vizuri hivi?"

Mama akasema, "Nilikuwa ninawatunzia wageni."

Mzee akamwuliza, "Na sisi tulikuwa nani?"

Hakuna aliyecheka. Mama alinyamaza kidogo, kisha akamwongezea chai.

Ndugu msikilizaji, neno la yule mzee nimekuja nalo hapa kambini, na ndilo ninalokuletea leo. Watu wanaokuzunguka sasa hivi, jirani wa shitingi ya pili, mtoto anayekuja kuomba moto, mwalimu wa darasa la wanao, hao wote ni nani kwako? Ni watu wa kupita tu mpaka maisha yaanze? Basi hata wewe ni mtu wa kupita tu katika maisha yao, na sote tunakaa miaka kumi mahali ambapo hakuna anayeishi.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilipokuwa mdogo niliona kama wanajipinga. Sasa naona walizungumzia vitu viwili. Mwenye subira ni mkulima: amepanda, anapalilia, anasubiri mvua. Mwenye ngoja ngoja hajapanda kitu, amekaa anaangalia mbingu. Wote wawili wanasubiri, lakini mmoja ana jembe mkononi.

Mfanyakazi mmoja wa msaada wa kisaikolojia aliniazima kitabu cha Kifaransa cha daktari Viktor Frankl, Myahudi wa Vienna. Katika vita kuu ya pili alifungwa katika kambi za Wanazi. Usinielewe vibaya: kambi yetu si kama zile, ambako watu waliuawa kwa mamilioni. Lakini aliandika jambo moja lililonigusa. Alisema kwamba katika wiki ya kati ya Krismasi ya 1944 na mwaka mpya wa 1945, vifo katika kambi yake viliongezeka kupita kawaida. Daktari mkuu wa kambi hakuona sababu katika chakula, wala kazi, wala ugonjwa mpya. Aliona kwamba wafungwa wengi walijiambia, "Krismasi tutakuwa nyumbani." Krismasi ikaja, ikapita, na moyo ukavunjika pamoja na mwili. Frankl hakusema watu waache kutumaini. Alisema mtu anahitaji kitu kinachomngoja yeye: kazi ambayo bado hajaimaliza, au mtu anayemhitaji.

Nikafikiri: sisi tunahesabu vitu tunavyovingoja. Je, ni nani anayekungoja wewe leo? Ni kitu gani hakitafanyika kambini usipokuwepo?

[Muziki mfupi.]

Najua kuna anayeninung'unikia sasa. Wiki iliyopita mama mmoja alinisimamisha kwenye bomba, akaniambia, "Mwanangu, maneno yako mazuri, lakini furaha haipikwi kwenye sufuria." Ni kweli, mama yangu. Mgao ukipungua, tumbo halidanganywi kwa mawazo. Sikuambii uzoee njaa, wala ufurahie shida. Kama mtoto wako amekonda, mpeleke kituo cha afya leo. Kama mgao una tatizo, ongea na kamati yako, nenda kwenye dawati la malalamiko, na usichoke kusema. Kudai haki yako ni sehemu ya kuishi. Ninachokataa ni kitu kingine: kwamba kwa sababu kesho imekataliwa, na leo tuitupe.

Nikuambie niliyoyaona kwa macho yangu. Kuna baba mmoja katika kata yetu ambaye safari yake ilifutwa wakati ule ule kama yetu. Kwa miezi miwili alikaa mlangoni. Kisha akachukua gunia, akalijaza udongo na samadi, katikati akapanga mawe madogo toka chini hadi juu ili maji yashuke vizuri, ubavuni akatoboa matundu, akapanda lengalenga. Anamwagilia maji aliyooshea mboga. Baada ya mwezi hivi alianza kuchuma. Gunia moja haliwezi kulisha familia, mwenyewe anakubali. Lakini ananiambia, "Asubuhi kuna kitu kinaniamsha." Sasa majirani wanne wana magunia.

Kuna dada aliyekuwa hajui kusoma. Anasoma jioni na mtoto wake wa darasa la tatu, yule mtoto ndiye mwalimu. Juzi alisoma jina lake kwenye orodha ya ukutani bila kumwuliza mtu. Alisimama pale akalisoma mara tatu.

Nawe uliyefika mwaka 2025, uliyevuka Rusizi, ukalala uwanjani Rugombo, sasa uko Musenyi au penginepo, huna hata mkeka: sikuambii uanze na mambo makubwa. Lijue jina la jirani yako wa kulia na wa kushoto. Mwandikishe mtoto shule, hata kama unaamini mtarudi mwezi ujao. Mwezi ujao ukifika na uko bado hapa, mtoto atakuwa amesoma. Ukirudi kwenu, atarudi na alichosoma. Hakuna namna ya kupata hasara.

Na mambo mawili muhimu kabla sijaaga. La kwanza: wakati huu watu wamekata tamaa, wanatokea wanaosema wanaweza kufungua kesi yako ukiwapa pesa. Ni uongo. Huduma za HCR ni bure, kuanzia kuandikishwa mpaka kesi ya nchi ya tatu. Anayekudai faranga, toa taarifa. La pili: kama siku nyingi hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usibaki peke yako na mawazo hayo. Mwambie mtu unayemwamini leo hii, na muende pamoja kwenye kituo cha afya au kwa washauri wa kisaikolojia wa kambi. Mama yangu alipokaa siku nne kimya, ningejua ninalolijua sasa, nisingengoja siku ya tano.

Mnaniuliza, mama yuko wapi? Yuko Bwiza, anauza mandazi. Aliingia kwenye kirimba, na zamu yake ya kwanza alinunua godoro. Kesi bado anaifuatilia, na kila akipigiwa simu anakwenda. Akiitwa kesho ataondoka, na nitamshukuru Mungu.

Vikombe vimebaki vitano. Kimoja kilivunjika wiki ile ile ya kwanza, mdogo wangu alikiangusha akiosha. Alilia, akaogopa kurudi ndani. Mama akatoka nje, akaokota vipande, akamwambia, "Nyamaza mwanangu. Hiki angalau kilinywewa."

Msikilizaji wangu, leo ukimaliza kunisikiliza, angalia chini ya kitanda chako. Mimi ninaposema sanduku, unajua ni nini ulichokifunga. Kitoe.

Tukutane wiki ijayo saa kama hii. Mbaki na amani.

[Muziki wa kufunga.]