Bei Kwanza, Bisi Baadaye: maneno tuliyowaambia wamotari wa Butembo



Siye tunaosema hapa hatuko mabosi. Tuko na diploma za université, kazi hakuna, na wengi wetu tunaendesha pikipiki ya mtu ili nyumbani kupatikane unga. Tunajua versement haingojee. Pikipiki ikilala garaji siku mbili, mwenye yake anaanza kukuita mwizi.

Mmoja wetu alipeleka pikipiki kubadilisha cheni tu. Jioni akadaiwa dola 60: cheni, pistoni, mafuta, "na mambo mengine". Ile pistoni hakuna aliyemwonyesha, ya zamani wala mpya. Funguo ikabaki kwa fundi mpaka akakopa. Deni lile bado analipa.

Tunajua mashimo na matope yetu vinaharibu vyombo. Kuharibika kuko. Kuibiwa ndiyo tunakataa. Basi tukubaliane hivi:

Bei itajwe kabla bisi ya kwanza haijafunguliwa. Iandikwe kwenye karatasi: piesi peke yake, mukono wa fundi peke yake, na kama ni dola ao franga.

Fundi akikuta ubovu mwingine, akupigie simu kwanza. Bila ruhusa yako, hakuna kazi.

Piesi ya zamani irudi mukononi mwako. Bidoni ya mafuta ifunguliwe mbele ya macho yako.

Ukilipa, omba risiti yenye tarehe na sahihi. Bila karatasi, mukigombana ni neno lako na neno lake.

Hatukukuja kutukana mafundi. Nao ni vijana kama siye, na fundi wa kweli hiyo karatasi inamulinda naye, siku muteja anakataa kulipa. Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 inasema bei ni huru. Sawa. Lakini uhuru wa bei si uhuru wa kuficha bei.

Kila siku tunauliza wakubwa: pesa ya barabara ilienda wapi? Mutu anayeogopa kumuuliza fundi "hii dola 20 ni ya nini?" atamuulizaje meya? Tuanzie garaji, kesho asubuhi, bila matusi, bila kupiga mutu.

Tuko pamoja.