Kwa Nini Matapeli wa Barua Pepe Hukamatwa kwa Nadra: Hotuba kwa Wakazi wa Afungi

Wazee wetu, kina mama na vijana wa Afungi, Quitunda na Palma, pamoja na ndugu zetu mliovuka Ruvuma kuja kutusikiliza,

Mmetuuliza kwa nini polisi humkamata mwizi wa mbuzi, ilhali anayewatumia vijana barua pepe za ajira za uongo haonekani. Swali ni la haki, nami sitawaficha jibu.

Mradi wa gesi ulisitishwa Aprili 2021, baada ya mashambulizi ya Palma. Kizuizi kilipoondolewa Novemba 2025, matumaini ya kazi yalirudi, na tapeli hulijua hilo. Huiga nembo ya kampuni, humwahidi kijana kazi ya udereva, kisha humdai ada ya kupimwa afya.

Jina lililo juu ya barua hiyo ni kama jina la mgongoni mwa bahasha: yeyote aweza kuandika la mwenzake. Mwandishi huenda yuko nchi moja, mitambo inayohifadhi barua zake iko nchi ya pili, na fedha zimepokewa hapa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Mamlaka yetu hayavuki mpaka. Kila nchi huombwa msaada kwa maandishi, na jibu laweza kuchukua miezi. Fedha hutolewa kwa dakika chache.

Wapo wanaokamatwa. Ramon Abbas, Mnigeria aliyejiita Hushpuppi, alikamatwa Dubai Juni 2020 na kuhukumiwa Marekani mwaka 2022 kifungo cha zaidi ya miaka 11. Lakini yeye alihusishwa na mamilioni ya dola. Metikali 3,000 za kijana wa Quitunda haziamshi mataifa mawili, ingawa kwake zilikuwa chakula cha nyumba nzima. Nakiri kwamba jambo hili hutuumiza.

Kisha kuna aibu. Aliyetapeliwa huifuta barua ili mjomba aliyemkopesha asijue, na ushahidi hupotea nayo. Msiifute. Picha yake pekee haitoshi, kwa kuwa alama za njia iliyopitia zimo ndani ya barua yenyewe. Njooni siku ile ile, na ujumbe wa malipo ya M-Pesa au e-Mola mkononi. Fedha zikiwa hazijatolewa, kampuni yaweza kuombwa izizuie. Walio upande wa Mtwara waripoti huko, ambako ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Mwandishi yuko mbali. Aliyempa laini yake ya simu, kwa ujira mdogo, huenda yuko sokoni Palma, na huyo twaweza kumfikia kwa miguu.