KODI YA MAPATO NA SISI TUNAOLEA WATOTO NYUMBANI

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kina mama walezi katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)

Wenzetu washonaji wamesema yao, wenzetu wa samaki nao wamesema, sasa na sisi walezi tuna letu, nalo ni la kodi. Msiguneni kwanza!

Kazi yetu mwaijua. Alfajiri mama anayekwenda kiwandani au hotelini anatuachia mtoto na mfuko wake wa nguo, jioni anakuja kumchukua na kutulipa cha siku. Watu husema huko ni kukaa na watoto tu, si kazi. Serikali haisemi hivyo. Sheria ya Kodi ya Mapato haiulizi kama una ofisi au kibao mlangoni, inauliza kama unapata faida kwa shughuli unayoifanya. Anayekwenda kulea nyumbani kwa tajiri mmoja kwa mshahara wa mwezi, huyo ni mwajiriwa, na makato yake ni jukumu la mwajiri. Lakini sisi tunaopokea watoto wa huyu na yule kwetu nyumbani tumejiajiri, na hesabu ni yetu wenyewe.

Tena tukumbuke tulikotoka. Sheria hiyo ya mwaka 1973 iliandikwa ikihesabu mapato ya mke anayeishi na mumewe kuwa ni mapato ya mume. Baadaye ndipo mke aliporuhusiwa kujaza fomu yake kwa kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo mama kuwa na PIN yake na hesabu yake si jambo dogo.

Sasa tuingie kwenye hesabu, na hapa tunaomba utulivu kidogo. Neno lenyewe linatuchanganya, maana kwetu kodi ni ya nyumba na kodi ni ya serikali. Ya nyumba unalipa hata kama hukupata kitu. Ya mapato hutozwa juu ya kile kinachobaki, yaani ukishatoa gharama za kazi katika fedha zilizoingia. Hapo ndipo wengi wetu tunapopunjika, na anayetupunja si mtu, ni kukosa daftari.

Tuchukue viwango vya mapato ya mwaka 2025. Shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10, yaani shilingi 28,800. Lakini kila mkaazi ana nafuu yake ya shilingi 28,800 kwa mwaka. Moja inaifuta nyingine. Kwa hiyo mama ambaye faida yake haikuzidi 288,000 halipi hata senti. Tuseme unalea watoto 6 kwa shilingi 150 kwa siku, siku 24 kwa mwezi. Hizo ni 21,600 kwa mwezi, 259,200 kwa mwaka, na hata uji hatujautoa. Wewe huna kodi ya kulipa. Fomu utajaza, lakini kulipa hulipi.

Haya, tuje kwa dada aliyepanuka kidogo, ana watoto 10 kwa shilingi 250, siku 25 kwa mwezi. Kwa mwaka zinaingia 750,000. Unga, maziwa, gesi, sabuni, mikeka, msichana wa kumsaidia, na sehemu ya kodi ya chumba kinachotumiwa na watoto, tuseme vyote vimekula 270,000. Zinabaki 480,000. Kwa 288,000 za kwanza ni 28,800. Kwa 100,000 zinazofuata ni asilimia 25, yaani 25,000. Na 92,000 zilizobaki ni asilimia 30, yaani 27,600. Jumla 81,400, toa nafuu ya 28,800, atalipa shilingi 52,600.

Sasa mchukueni dada huyo huyo, watoto wale wale, uji ule ule, ila hana karatasi hata moja ya kuonyesha alichotumia. Atahesabiwa juu ya 750,000 nzima, na atalipa shilingi 133,600. Tofauti ni shilingi 81,000! Hiyo ni fedha aliyokwisha kuitumia dukani, na bado inatozwa kama iko kabatini.

Na siku hizi daftari peke yake halitoshi. Tangu Januari 2024 gharama za biashara zinatakiwa ziwe na ankara ya eTIMS, yenye PIN ya mnunuzi. Kwa hivyo unaponunua unga na maziwa ya watoto, taja PIN yako pale pale kaunta, usione haya. Mshahara wa msaidizi hauhitaji ankara hiyo, lakini mwandike na atie sahihi. Kwa anayeuza kidogo, mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024 yameweka njia ya mnunuzi kutoa ankara hiyo mwenyewe. Ni usumbufu, hatukatai. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine anayelia mlangoni, aambiwe atengeneze ankara ya maziwa ya kibanda! Waliotunga hawakuwahi kulea watoto kumi kwa siku moja, hilo tunalisema mbele ya mgeni wetu wa heshima ili alifikishe mbele. Lakini mpaka libadilike, ndiyo sheria.

Tahadhari moja: chakula cha wanao mwenyewe si gharama ya kazi. Ukipika sufuria moja, gawa.

Akina mama wameuliza juu ya kikundi. Zamu yako ya mzunguko si mapato, ni akiba yako inarudi mkononi. Mkopo nao si mapato, maana utaurudisha. Ila riba ya mkopo uliouchukua kwa ajili ya kazi, hiyo ni gharama, iandikwe.

Kuna walezi wachache waliokaribia kuingiza shilingi milioni 1 kwa mwaka. Wakifika hapo, mpaka milioni 25, kuna kodi nyingine ya mauzo, asilimia 3 ya kila kinachoingia bila kutoa gharama, nayo hulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Hao tutakaa nao kando.

La mwisho ni hili la fomu. Mwenye PIN ni lazima ajaze kila mwaka, na siku ya mwisho ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa. Miaka mitano ya kunyamaza ni 10,000, na wewe labda hukudaiwa kodi yoyote. Na wale vijana wa saiba wanaokuambia, "Mama, nikuwekee sifuri tu, twende," waambieni hapana. Sifuri ni ya asiyepata kitu. Wewe ulipata, hata kama kodi yake haikufika. Tena fomu iliyojazwa sawa ndiyo inayoonyesha mkopeshaji kwamba una kazi. Mmoja wetu alirudishwa na benki moja kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kuonyesha mapato, na watoto 8 anao kila siku.

Tumekubaliana na Bi Mweka Hazina kwamba kuanzia Januari, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, walezi wafike nusu saa kabla ya mchango. Kila mtu aje na daftari lake, bahasha ya risiti, na PIN iliyoandikwa. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake wa shule. Kalamu tutakuwa nazo.