Kosa la biro, azabu ya muogeleaji

 

Leo hatutasema juu ya kodi wala juu ya moto wa umeme. Tunataka tuseme juu ya kuogelea. Tunaona wengine wanacheka tayari. Kuogelea, hapa kwetu? Mutu wa Butembo ataogelea wapi, ndani ya mto Kimemi pamoja na masashe na machupa? Muchekeni kwanza, halafu mutusikilize.

Mwezi wa saba 2023, kule Fukuoka, Japani, kulikuwa mashindano ya dunia ya kuogelea. Waogeleaji wa Kenya walikuwa pale. Waliingia ndani ya maji kama wengine, wakashindana, saa zao zikaandikwa. Lakini kwenye orodha, pahali pa jina la inchi, hapakuandikwa Kenya. Paliandikwa kwamba huyu ni mutu wa federasiyo iliyosimamishwa. Bendera yao haikuwa pale. Wazia kidogo: kijana anaamka saa kumi na moja ya asubui miaka na miaka, maji ni baridi, wazazi wanatafuta feza ya pisini na ya mwalimu, na siku anafika mbele ya dunia nzima, badala ya jina la inchi yake anabebeshwa jina la kosa la wakubwa.

Na kosa lenyewe? Hakuna muogeleaji aliyekamatwa na dawa. Hakuna aliyeiba saa. Yalikuwa mambo ya biro: mizozo ya uongozi iliyovutana miaka mingi, uchaguzi unasukumwa mbele, huyu anasema kiti ni changu, yule anasema hapana. Shirika la dunia, lile lililoitwa FINA na leo linaitwa World Aquatics, likachoka, likasimamisha federasiyo.

Hata hivi, tuseme ukweli: waogeleaji wale walipata mulango mudogo. Wa mpira hawakupata kitu. Mwezi wa pili mwaka 2022 FIFA ilisimamisha Kenya, juu serikali ilivunja uongozi wa federasiyo na kuweka komite yake. Ilifungua mwezi wa kumi na moja. Ile miezi yote, hakuna timu ya Kenya iliyocheza mechi ya kimataifa, wanaume kwa wanawake. Kwenye mpira hauwezi kusema "mimi ninakuja peke yangu". Kwenye maji unaweza, juu kila mutu ana mustari wake na saa yake.

Kwa Kuwait walitumia mulango huo huo. Inchi yao ilikuwa imesimamishwa wakati wa Olimpiki ya Rio 2016, na kati ya wachezaji wake walioenda bila bendera mulikuwa waogeleaji wawili, Abbas Qali na Faye Sultan. Lakini anayekumbukwa zaidi ni mupiga shabaha, Fehaid Al-Deehani. Aliombwa abebe bendera ya Olimpiki siku ya kufungua. Yeye ni askari, akakataa: askari wa Kuwait anabeba bendera ya Kuwait tu. Siku chache nyuma akashinda medali ya zahabu. Wakapandisha bendera ya Olimpiki, wakapiga wimbo wa Olimpiki. Zahabu ilikuwa yake, wimbo haukuwa wake. Sisi tunaona njo pale mulango mudogo unaonyesha udogo wake.

Na tusisahau wa kwetu. Kwenye Rio ile ile, Popole Misenga na Yolande Mabika, watoto wa Kivu, walicheza judo ndani ya timu ya wakimbizi. Walikuwa wamefika Brazili mwaka 2013 kwa mashindano ya dunia, wakabaki kule wakaomba ukimbizi, wakisimulia kwamba waliowaongoza waliwanyima chakula na kushika pasipoti zao. Popole alishinda pambano moja. Inchi yao haikuwa imesimamishwa na mutu. Wao wenyewe njo walishindwa kuendelea kuibeba.

Sasa mutauliza: hii inatuhusu nini, sisi wa Butembo na Beni? Ndugu zetu, sisi tunajua kabisa kufungiwa kwa kosa lisilo letu. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2018 CENI ilisema Beni, Butembo na Yumbi hawatachagua pamoja na wengine. Kwetu walisema ni Ebola na usalama. Lakini masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi, watu walisukumana humo kila siku. Tarehe 30 inchi ikachagua. Kule Beni watu walijipanga mustari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe ambayo hakuna mutu alitaka kuihesabu. Rais akaapishwa tarehe 24 mwezi wa kwanza 2019. Zamu yetu ilifika tarehe 31 mwezi wa tatu, na rais hakuwa tena kwenye karatasi. Hatukuleta Ebola sisi. Hatukuleta wauaji. Tulikuwa kama wale wa Fukuoka: tuko ndani ya maji, lakini jina letu halimo.

Kuna wanaosema: mukiwaachilia wachezaji waende, viongozi hawatasikia uchungu. Hatukubali. Kiongozi hasikii uchungu wa muogeleaji, kama angeusikia hangefika pale. Ukitaka asikie, muguse pahali pake: safari, hoteli, feza ya mufuko, kiti kwenye mikutano mikubwa ya dunia. Funga hivyo vyote. Lakini mutoto aache aogelee, na sheria iandikwe mbele, isiwe huruma ya mara moja. Tena iseme nani atalipa tiketi yake na nani atapeleka jina lake, juu mulango wazi bila tiketi ni kwa watoto wa matajiri tu.

Kenya ilitoka pale. Leo kuna federasiyo mupya, Kenya Aquatics, na kwenye Olimpiki ya Paris 2024 Maria Brunlehner na Ridhwan Mohamed waliogelea kwa jina la Kenya. Congo pia iliisha kupeleka watu: Stany Kempompo Ngangola aliogelea metre 50 kule Beijing mwaka 2008. Na ukishuka Kyavinyonge, kwenye ziwa Edouard, utakuta watoto wanaoogelea kabla hawajajua kusoma. Kati ya watoto hao na Olimpiki, karatasi ni nyingi kuliko maji, na karatasi hizo zinatoka Kinshasa.

Kwa hiyo tunaomba kitu kimoja, hakiombi feza. Kila mumoja wenu aliye ndani ya klabu, iwe judo, karate, basket au mpira, arudi kwa viongozi wake na heshima, aulize: statuti yetu iko wapi? Uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe gani? Mandati inaisha lini? Nani anashika kasha, na ripoti ilisomwa mbele ya nani? Wakikujibu "wewe mutoto, kaa kimya", andika tarehe na jibu. Wakikupa karatasi, piga picha, lete. Tutazisoma pamoja hapa, ukurasa kwa ukurasa, na pale Kifaransa kitakuwa kigumu tutatafsiria wenzetu.